Kamba ya Fedha Iliyolala Kushoto

Kwa miaka mitatu watu wa Nyamirambo walimsifu Mzee Sibomana kwa kazi ambayo hakuifanya, naye alizipokea sifa zile kwa adabu zote, akiinamisha kichwa na kusema alhamdulillahi. Alikuwa sonara, mwana wa sonara, na duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara, hatua chache kutoka msikitini. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda mbele ya fuawe, akavaa miwani yake mikubwa, akashika nyundo na kugonga. Aligonga chuma kitupu. Macho yake yote mawili yalikuwa yameliwa na mtoto wa jicho, na mbele yake hakuona ila mwanga wa mlango na vivuli vya wapita njia.

Aliyekuwa na moto, tupa, nta na fedha ni binti yake Yasmina, nyuma ya pazia la kitenge. Mzee aligonga ili barabara isikie, na binti aligonga ili kazi iende. Ikitokea nyundo mbili zikalia kwa pamoja, Jean-Bosco, mshonaji wa mlango wa pili, aliinua mguu kwenye cherehani yake akacheka. "Mzee wetu huyu iko na mikono ine," alisema, na hakujua alikuwa karibu kiasi gani na ukweli.

Nyumba ile haikutengeneza mikufu mizima. Wanawake wa Nyamirambo walijitungia mikufu yao wenyewe, ya shanga au ya mnyororo, na kwa sonara walifuata vile vidude vidogo vya fedha vya kuning'iniza, ambavyo kwa Sibomana viliitwa vitoto vya mkufu. Samaki, ufunguo, mwezi mwandamo, dele la kahawa: hivyo babu Feruzi, baba yake Sibomana, alikuja navyo kichwani kutoka Tabora, enzi ya Mjerumani. Alipofika Kigali akakuta mambo mengine ya kupendeza macho, akaongeza ng'ombe wa pembe ndefu na agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka. Mtindo ulibaki ule ule wa kale, na hakuna mteja aliyetaka mwingine. Kitoto kikitoka motoni kinang'aa kupita kiasi, Yasmina alikifungia ndani ya mkebe kutwa nzima pamoja na kiini cha yai la kuchemsha, nacho kilitoka na weusi mwembamba kwenye mikunjo, utadhani kimekwisha kuvaliwa na mabibi watatu. Mwisho kabisa kila kitoto kilizungushiwa pindo la nyuzi mbili za fedha zilizosokotwa pamoja kama kamba. Kwa kamba ile watu waliitambua kazi ya nyumba hiyo.

Sababu ya pazia mzee aliieleza mara moja tu, siku macho yalipokataa kabisa.

"Watu haitaleta fedha yao kwa mwanamke," alimwambia Yasmina. "Watasema moto yetu imezimika. Wataenda Muhima kwa Damascène, yule anauza vitu ya mashine toka Nairobi. Mimi nikae mbele, wewe kaa nyuma. Tutakula."

Nao wakala, hilo halina ubishi. Lakini Yasmina alikuwa na miaka thelathini na minne, ameolewa Bujumbura akaachika, amerudi na sanduku moja na maneno machache. Hakutaka mume mwingine. Alitaka kitu kimoja, na alikitaka kwa uchungu: mtu ashike kitoto alichokifua yeye, akisifu, na sifa imfikie mwenyewe. Siku moja kwenye foleni ya maji alisimama nyuma ya mwanamke aliyevaa ng'ombe wake wa pembe ndefu, akamsikia akimwambia mwenzake, "Mkono ya mzee bado iko hai kabisa." Yasmina alirudi nyumbani na ndoo nusu, kwa sababu hakungoja ijae.

Mwezi wa sita wa mwaka wa tisini na mbili, wakati barabara za kaskazini zilikuwa hazipitiki kwa vita na kila Jumapili vijana walikatiza mtaani na kofia za vyama, Bi Mukabalisa aliingia dukani. Huyu alikuwa mjane wa mtaa wa juu, mwanamke ambaye akikohoa harusini ngoma husimama. Aliketi bila kukaribishwa, akaweka kifurushi juu ya meza.

"Sibomana, unakumbuka mkufu baba yako alinifulia?"

"Nakumbuka, Mama. Vitoto kumi na mbili."

"Sasa iko tano. Saba ilienda na mabinti yangu, Bujumbura, Uvira, Bukavu, kila mmoja na yake. Ishimwe ndiye mjukuu wa mwisho kwangu, na anaolewa mwisho wa mwezi wa nane. Sitaki aende na mkufu ya mapengo kama mdomo yangu." Akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na vitoto vitano vya Feruzi, na rupia za Mjerumani zilizokuwa nyeusi kwa kukaa chini ya udongo. "Yeyusha hizi, unifulie saba. Nataka mtu akitazama asijue ipi ya baba yako, ipi ya kwako."

"Inshallah," alisema mzee.

"Najua ni ngumu." Bi Mukabalisa alisimama, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa, alisema lililo moyoni. "Kazi yako ni nzuri, Sibomana. Lakini baba yako alikuwa baba yako."

Nyuma ya pazia Yasmina alisikia nyundo ya mzee ikianza tena, polepole. Maneno yale baba yake alikuwa ameyasikia kwa miaka arobaini, kwa wateja mbalimbali na kwa sauti mbalimbali, na hakuna hata mmoja aliyeyasema kwa ubaya. Ndiyo maana yalimuuma.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkosesha Yasmina usingizi, nalo ni kitambaa. Familia za Nyamirambo ambazo mababu zao walikuja kwa msafara kutoka Tabora, kama Feruzi, zilikuwa na desturi yao: fedha ya bibi harusi haikukabidhiwa dukani. Kilitandikwa kitambaa cheupe mbele ya wanawake wa pande zote mbili, na sonara mwenyewe alikaa kwenye ukingo wake, akavimimina vitoto kwa mkono wake. Wakishavipima na kuridhika, aliweka kiganja juu ya kitambaa na kula kiapo: "Wallahi, hii ni kazi ya mkono wangu. Ikiwa na hila, hila inirudie." Ndipo alipovifunga vitoto kwenye mnyororo, kimoja kimoja, mbele ya macho yao. Fedha isiyoapiwa haikuvaliwa siku ya harusi.

Katika miaka ile mitatu walikuwa wameuza vitoto vya rejareja tu, na hakuna aliyewaitia kitambaa. Sasa Mzee Sibomana, aliyekuwa hakosi sala hata moja, angetakiwa aseme Wallahi juu ya kazi ya mtu mwingine. Yasmina alimwona akijiandaa. Kila jioni mzee aliomba mnyororo na pete ndogo za waya, akashika koleo, akafunga pete moja baada ya nyingine kwa kupapasa. Mwanzoni ziliruka chini na binti akazitafuta kwa magoti. Baada ya wiki tatu alikuwa akifunga kumi na mbili bila kuangusha hata moja. Yasmina alimtazama na kuelewa kwamba baba yake alikuwa anajifunza kuupitisha uongo kwa ustadi, na alijionea huruma, kisha akamwonea huruma yeye.

Yeye naye alikuwa na shida yake na fedha. Alitengeneza samaki wa kwanza kwa nta ya nyuki, akamfunika kwa udongo wa kichuguu, akayeyusha nta na kumimina rupia mahali pake. Samaki alitoka vizuri. Akasokota kamba, akamzungushia pindo, akamweka kando ya vile vitano vya babu. Palepale akaona kuna kasoro, na alichukua muda kujua ni nini. Mishazari ya kamba yake iliinama kulia. Ya babu iliinama kushoto.

Hakuwahi kuijua tofauti hiyo, maana dukani hakukuwa na hata kitoto kimoja cha Feruzi. Fundi wa viatu hutembea peku. Alijaribu kusokota kinyume. Kamba ililegea na nyuzi zikaachana. Akajaribu mara ya pili, ya tatu, mpaka vidole vya mkono wa kulia vikafa ganzi.

Hapa lazima isemwe kwamba Yasmina alizaliwa mtu wa mashoto. Watoto wenzake walimwita imoso, na mama yake, Mungu amrehemu, hakutaka binti wa Kiislamu anayenyoosha mkono wa kushoto kwenye sinia. Aliufunga mkono ule kifuani kwa utepe wa kitenge, miezi minane mizima, mpaka mtoto akajua kula, kuandika na kusalimia kwa kulia. Hata ufundi Yasmina alifundishwa kwa kulia, na baba yake. Mkono huo ulikuwa mtumishi mtiifu. Lakini akili ilibaki kwenye ule mwingine.

Alilibana pazia kwa pini pande zote mbili. Kisha akahamisha nyuzi, akazishika kwa kulia na kuzisokota kwa kushoto. Zilikwenda. Zilijipanga zenyewe, msokoto baada ya msokoto, bila kubishana naye, na mishazari ikainama kushoto kama iliyoambiwa. Yasmina alicheka peke yake, akiwa ameziba mdomo. Alimvua samaki pindo la zamani, akamvika jipya, na kwa wiki tano zilizofuata mkono wa kulia haukufanya kazi nyingine ila kushikilia. Alifua ng'ombe ambaye pembe zake zilikaribia kukutana. Alifua agaseke lenye misuko unayoweza kuihesabu kwa ukucha. Alifua dele lenye mdomo mwembamba kuliko punje ya mtama. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile, na alijua, na alijivuna nayo kimyakimya kama mwizi.

Asubuhi ya siku ya kitambaa alivipeleka vyote kumi na viwili kwa baba yake kwenye sinia, vimechanganywa. Mzee alikichukua cha kwanza, akapitisha gumba kwenye pindo. Akakiweka, akachukua cha pili. Alipofika cha saba alirudi cha kwanza. Yasmina alingoja aulizwe. Alikuwa tayari kukiri, maana mkono wa kushoto ulikuwa umekatazwa katika nyumba ile tangu yeye hajajua kufunga kiatu.

"Sijui ipi ni ipi," alisema mzee mwishowe. Sauti yake haikuwa ya hasira wala ya furaha. Akaomba maji ya kutawadha.

"Baba," Yasmina alimwuliza wakati akimmiminia, "leo pale kitambaani utasema nini?"

"Nitasema ile nitaweza kusema."

Walifika kwa Bi Mukabalisa baada ya sala ya alasiri. Sebuleni walikuwa wanawake kama kumi na watano, wamekaa juu ya mikeka kuzunguka kitambaa cheupe, na bibi harusi Ishimwe karibu na ukuta, amejifunika nusu uso. Upande wa pili alikaa Bi Amida, shangazi wa bwana harusi, aliyekuja kutoka mtaa wa Sonatubes na manukato mengi na shaka zaidi. Yasmina alimwingiza baba yake kwa kumshika kiwiko, na mkono mwingine amebeba mfuko wa koleo. Waliowaona walidhani mzee anamleta binti yake amsaidie kubeba.

Sibomana alikaa ukingoni, akavimimina vitoto. Vililia juu ya kitambaa, sauti nyembamba.

Bi Mukabalisa alikuwa na jiwe lake la kazi hiyo. Alikidondosha kitoto kimoja kimoja juu yake na kutega sikio, kwa sababu fedha iliyochanganywa na bati hulia kikohozi. Hakuna kilichokohoa. Akavisogeza mbele ya Ishimwe. "Toa tano ya zamani," alimwambia. Ishimwe alitoa vitano, na ikaonekana kwa alama alizozijua bibi yake kwamba vitatu kati ya hivyo vilikuwa vipya. Wanawake wakacheka. Bi Amida alijivuta, akavaa miwani, akatoa vitano vyake kwa uhakika wa mtu aliyewahi kununua dhahabu Dubai. Vinne vilikuwa vipya. Wakacheka zaidi, isipokuwa Bi Amida.

Bi Mukabalisa mwenyewe hakucheka. Alishika ng'ombe wa pembe ndefu, akampeleka kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha kwenye pindo lake.

"Nimevaa vitu ya Feruzi miaka arobaini na sita," alisema. "Nimevaa na ya kwako, Sibomana. Kamba yako inalala huku." Akaonyesha kwa kidole. "Ya baba yako inalala kule. Siku zote. Nilifikiri utanipa ya huku, na ningepokea, sababu hakuna mwingine. Leo yote inalala kule." Akakaa chini taratibu. "Sibomana, mwanangu. Leo umemfikia baba yako."

Vigelegele vilipasuka sebule nzima.

Yasmina alimtazama baba yake. Uso wa mzee ulikuwa umefunguka. Mikunjo ya paji ilimtoka, na kwa muda mfupi alionekana kijana, kijana ambaye baba yake amemgeukia na kumwambia vizuri. Miaka arobaini aliingoja sentensi ile, na sasa ilikuwa imesemwa, mbele ya mashahidi, na mdomo usiosema uongo. Alichotakiwa kufanya ni kuipokea tu. Pete alikuwa anajua kuzifunga. Hakuna mtu chumbani aliyeshuku kitu.

Na Yasmina, aliyetaka sifa ile kuliko chakula, alijikuta anasema moyoni: ichukue, Baba. Alisema hivyo na bado iliuma. Aliinamisha kichwa ili wasimwone.

"Haya, apa tufunge," alisema Bi Mukabalisa.

Mzee aliweka kiganja cha kulia juu ya kitambaa. "Wallahi," alisema.

Wanawake walingoja. Nje mtu alikuwa akimwita mbuzi. Mzee alivuta pumzi kama anayeanza tena, kisha akakiondoa kiganja kwenye kitambaa na kukiweka gotini.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Sijamfikia baba yangu, Mama. Wala sitamfikia." Alivua miwani, akaielekeza upande wa sauti ya Bi Mukabalisa. "Hii iko ya bure. Huu mwaka wa tatu sioni mtu. Nakujua kwa kikohozi. Ile nyundo mnasikia kule mbele, napiga chuma. Vitoto zote mlinunua miaka hii, na hizi saba, amefua huyu. Huyu ananishika mkono tangu mlangoni, na nyinyi mlifikiri mimi ndiye namleta."

Macho yote yalimgeukia Yasmina. Alihisi masikio yanawaka.

"Mwanamke?" alisema Bi Amida.

"Mwanamke. Na kwa kushoto." Mzee aligeuza uso kuelekea anakodhani binti yake yupo. "Leo asubuhi ndio nimejua. Baba yangu Feruzi alikuwa imoso. Alifunga mlango akifua, watu wasione, na alitukataza kusema. Mimi nilitoka wa kulia. Nimejaribu kulaza kamba kule miaka arobaini, inalegea. Halafu Mungu akanipa mtoto wa kushoto, na mama yake akamfunga mkono, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nikanyamaza. Nilijua kile kilikuwa kinafungwa. Sikutaka mtoto apate ile mimi nilikosa." Alipapasa kitambaa mpaka akagusa kitoto kimoja. "Asubuhi nimeshika vitoto, nikasema, huyu ni baba, amerudi. Kumbe ni binti yangu."

Yasmina alilia. Hakujificha, hakujifuta, alilia machozi yakimdondokea mapajani, na kilichomliza hakikuwa huzuni. Alikuwa na fahari iliyojaa mpaka kooni na haikuwa na mlango mwingine wa kutokea.

Bi Amida alikohoa. "Mimi sisemi kazi ni mbaya," alianza. "Lakini harusi ni harusi. Fedha ya mkono wa kushoto, kwenye shingo ya bibi harusi wetu? Watu watasema nini?"

"Mama yako aliolewa na nini, Amida?" aliuliza Bi Mukabalisa.

"Na... na vitoto ya Feruzi."

"Basi umezaliwa na mama alivaa kushoto, ukanyonya pale pale chini ya kushoto, na uko mzima, umenenepa. Tuendelee." Alisema hayo bila kupandisha sauti, na mjadala ukaisha, kwa sababu hakuna aliyetaka kuulizwa mama yake aliolewa na nini. Akamgeukia Yasmina. "Njoo mbele. Aliyefua ndiye anafunga. Leo funga kwanza, utaapa mwisho."

Mzee alinyoosha koleo hewani. Yasmina alilipokea, akasogea mpaka ukingoni, mahali ambapo mwanamke wa nyumba yao hakuwahi kukaa. Alifunga samaki, akafunga ufunguo, akafunga mwezi. Alifanya kazi kwa mkono wa kushoto, wazi, mbele ya wanawake kumi na watano. Alipofunga ng'ombe wa pembe ndefu, Ishimwe alisahau kujifunika akasogeza uso kutazama. Cha kumi na mbili kilipokaa mahali pake, Yasmina aliunyoosha mnyororo juu ya kitambaa, akaweka kiganja cha kulia ili aape.

"Oya, si hiyo," alisema Bi Mukabalisa. "Weka ile ilifua. Na sema jina yote, watu wajue watakupata wapi."

Yasmina alibadilisha mkono. Kiganja cha kushoto kilikuwa na alama nyeusi za waya kwenye vidole, naye akakitandaza juu ya kile cheupe.

"Wallahi," alisema, "hii ni kazi ya mkono wangu, mimi Yasmina binti Sibomana bin Feruzi. Ikiwa na hila, hila inirudie."

Habari ile ilishuka mtaani kabla yao. Wiki iliyofuata kuna waliokuja kwa kazi na kuna waliokuja kwa udaku, na wengine walipeleka fedha yao Muhima kama mzee alivyotabiri. Wengi walibaki. Pazia liliondolewa, kwa kuwa lilikuwa kitenge kizuri na Yasmina alikuwa na hamu ya kukishona gauni, na fuawe ikavutwa mpaka kwenye mwanga wa dirisha. Mzee Sibomana alihamishia kigoda chake nje, kwenye baraza, na nyundo akaiacha ndani.

Jumatatu hiyo alisimama mbele yake mwanamume mwenye kifurushi, mgeni wa kutoka mbali, akamsalimia na kumwuliza kama yeye ndiye sonara.

"Sonara iko ndani, anafua," alijibu mzee. "Mimi ni baba yake."

Jean-Bosco mshonaji anasema alimsikia akilitoa jibu hilo mara nne siku ile, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, na kwamba ile mara ya nne hapakuwa na mtu aliyeuliza.